MJOMBA ANA BETRI KIFUANI, NANI ATAICHAJI?

 Ya Jumapili acha tu.

Mjomba alinipigia simu. Nikamwamkia, akaitikia, halafu akasema, "Mpwa wangu, betri yangu inaelekea kwisha."

Nami kwa kiherehere changu nikamjibu, "Basi kata mjomba, weka kwenye chaji, tutaongea baadaye."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Kumbe anazungumzia betri ya moyo!

Alitiwa kifaa hicho kifuani miaka tisa iliyopita, mapigo yalipoanza kusuasua. Kinaushtua moyo kwa umeme kidogo ili usizembee. Vifaa hivi hudumu kati ya miaka 5 na 15 hivi. Betri ikikaribia kwisha, hakuna cha kuchaji: unachanwa tena kifuani, cha zamani kinatolewa, unawekewa kipya. Na pesa juu.

Usiku sikulala. Moyo unadunda kama mara 100,000 kwa siku. Nguvu yote hiyo haiwezi kuendesha kibetri kimoja?

Usinicheke, wenzetu washaliwaza hilo. Chukua kile kiberiti cha gesi cha kubonyeza, kinacholia "ta!" Hakina betri, cheche inatoka wapi? Ndani mna kinyundo kinachogonga kipande cha kigae maalumu, nacho kikigongwa kinatoa umeme. Siri hiyo waliigundua ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Pierre alikuwa na miaka 21 tu, rika letu sisi tunaoshinda kijiweni! Walibana mawe ya kwatzi na turmalini, hata sukari ya miwa, na umeme ukatoka.

Mwaka 2006, Profesa Zhong Lin Wang wa chuo cha Georgia Tech, Marekani, na mwenzake walionyesha kuwa vinyuzi vya zinki oksidi, vyembamba kuliko unywele, vikipindwa vinatoa umeme. Mwaka 2012 kundi lake likaja na mtindo mwingine: plastiki mbili za aina tofauti zinagusana na kuachana, umeme unapatikana. Ni mambo yale yale ya sweta la nailoni linalotatarika ukilivua gizani.

Sasa usianze kurukaruka sebuleni eti unachaji simu. Umeme huu ni kiduchu. Simu inataka wati kadhaa, na vidude hivi mara nyingi hutoa chini ya sehemu moja ya elfu ya wati. Ila betri ya moyo nayo haina njaa kubwa, inakula sehemu chache za milioni ya wati. Mwaka 2019 watafiti wa China waliripoti kwamba walivuna umeme kwenye mapigo ya moyo wa nguruwe, ukaendesha kifaa cha kurekebisha mapigo ya nguruwe huyo huyo.

Nikampigia mjomba mbio mbio, nikammwagia yote. Akasikiliza, kisha akauliza, "Na kwa binadamu je?"

"Hospitali bado hawajaanza kuvitumia, mjomba."

Akanyamaza kidogo. "Basi waambie nduguzo mchango uendelee."

Unaendelea, msomaji. Hata malipo ya safu hii nimeshayaahidi huko. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.