Taya Hufundisha Mdomo Kutabasamu

Weka vidole vyako juu ya shavu, karibu na pembe ya taya. Sasa uma meno. Unasikia nini? Nyama ngumu inainuka chini ya vidole. Huo ndio msuli wa kutafuna. Mshipa wake wa fahamu unaweza kumrudishia mtu tabasamu lililopotea.

Mtu akipooza upande mmoja wa uso, mshipa wa 7 utokao katika ubongo haufanyi kazi yake. Jicho halifungi vizuri, na mdomo unavutwa kwenda upande ulio mzima. Wengi hupona bila kupasuliwa. Wasiopona hudhaniwa kuwa wana hasira au kiburi, kumbe moyoni wanacheka. Hata hivyo wanaweza kutafuna, kwa sababu kutafuna kunaongozwa na mshipa mwingine, wa 5.

Mwaka 1976 daktari Harii wa Japani na wenzake walieleza jinsi walivyotoa msuli katika paja na kuutia katika uso uliopooza. Baadaye, huko Toronto katika Kanada, madaktari Zuker na Manktelow waliunganisha msuli wa namna hiyo na mshipa wa kutafuna, ili kuwasaidia watoto waliozaliwa na uso usiosogea. Basi mgonjwa akiuma meno, pembe ya mdomo inainuka.

Lakini sikiliza vizuri: baada ya kupasuliwa, msuli mpya unalala kwanza. Mshipa hukua polepole, karibu milimita 1 kwa siku. Mara nyingi mwendo wa kwanza huonekana kati ya mwezi wa 2 na wa 4. Usikate tamaa, wala usiseme kwamba daktari ameshindwa.

Daktari akikupa ruhusa, fanya hivi:

1. Keti mbele ya kioo, mahali pa utulivu.
2. Uma magego polepole, ukitazama pembe ya mdomo. Shika kidogo, kisha legeza. Rudia mara chache, halafu pumzika. Ukisikia maumivu, acha.
3. Mdomo ukizoea, punguza nguvu ya kuuma, na usawazishe pande mbili za uso.
4. Mwishoni jaribu kutabasamu meno yakiwa yameachana, hata wakati wa kuzungumza.

Fanya kidogo kidogo kila siku. Ni afadhali kuliko kufanya sana siku moja. Ubongo hujifunza kama mtoto ajifunzavyo kutembea: kwanza kwa kushika ukuta, kisha bila ukuta. Kuuma meno ndio ukuta wako. Wengi hufika mahali pa kutabasamu bila kuuma, wengine hubaki wakiuma kidogo. Usishangae pia mdomo ukisogea unapokula.

Nanyi wa nyumbani, msimcheke anapojifunza mbele ya kioo. Ketini pamoja naye, mzungumze naye, mtabasamu naye. Tabasamu hufanywa kwa ajili ya mwingine. Naye anahitaji mtu wa kumpa.