Komeo la Shaba Halitupwi: Anza na Magadi

Umehamia nyumba ya zamani Old Kampala, katika zile walizojenga wafanyabiashara Wahindi kabla ya 1972. Bawaba na makomeo yamezibwa na rangi, tabaka juu ya tabaka. Fundi rangi anakuja Jumamosi, naye anakushauri ununue vipya. Usitoe pesa kabla hujapitisha sumaku.

Isiponasa, kwangua kidogo upande wa nyuma. Ikitoka manjano, hiyo ni shaba na inastahili jasho lako. Ikitoka nyeupe, ni alumini au zinki. Sumaku ikinasa, ni chuma. Kama chuma hicho kimepakwa ngozi ya shaba, usikiguse kwa brashi ya waya, maana ngozi itatoka pamoja na rangi.

Kwa shaba na chuma kitupu, njia ya bei ndogo ni magadi yale yale ya maharage, yanayouzwa kwa fungu sokoni. Yachemshe polepole na komeo, nusu saa hadi saa nzima, kisha vua rangi kwa kijiti na mswaki mkuukuu. Gharama iliyojificha ni chombo: sufuria ya alumini italiwa na magadi. Tumia kopo la bati, na lisirudi jikoni kamwe. Vitu vya alumini na zinki vichemshe kwa maji ya sabuni tu.

Dawa ya kuondoa rangi hufanya kazi haraka zaidi, ila bei ya kopo si bei yote. Ongeza glavu nene, na uliza kama VAT ya asilimia 18 imo. Soma lebo: ukiona dichloromethane, rudisha kopo rafuni. Mvuke wake umeua watu vyumbani, na Marekani ilizuia dawa hizo zisiuziwe watu wa kawaida mwaka 2019.

Mashine ya hewa moto siipendekezi kwa milango michache. Ya wati 2,000 hula uniti mbili za umeme wa Yaka kwa saa, na rangi ya zamani huenda ina risasi, ambayo ikiungua hutoa mvuke wa sumu. Msasa mkavu nao hutawanya vumbi la risasi, na watoto ndio huumia zaidi. Chemshia nje, maganda yafunge kwenye mfuko.

Je, vipya? Kitasa chepesi cha zinki huvutia kwa bei, lakini matundu yake mara nyingi hayalingani na ya zamani. Utamlipa seremala azibe na kuchonga upya.

Ukimpa fundi kazi hii, patana bei kwa kipande na upige picha kabla hajaondoka na makomeo, kwa kuwa shaba ina soko kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ukitoa pesa kwenye simu ili umlipe taslimu, kuna kodi ya asilimia 0.5 ya kiasi unachotoa, mbali na ada ya wakala.

Chemsha Alhamisi jioni. Jumamosi makomeo yatakuwa yamekauka, tayari kurudi mlangoni.