Bega Lililopewa Kazi ya Mguu

Ukimkuta mtu wa kiti cha magurudumu mwenye mikono minene, usiharakishe kusema ana nguvu za kutosha. Mzungukie, utazame mgongo wake kati ya makombe ya mabega. Kama pamelegea na mabega yamekuja mbele, yuko kwenye njia ya maumivu. Nalisema hili nikiwa nimekaa kwenye kiti kama chake. Nilikuwa mgema Pangani, nikaanguka kutoka juu ya mnazi, uti wa mgongo ukavunjika, na tangu hapo miguu haisikii wala haitii. Sasa natengeneza simu Tanga mjini, na jioni nawatembelea majeruhi wapya waliokwisha kurudi nyumbani, niwaonyeshe yale niliyofundishwa na wataalamu wa fiziotherapia.

Kwanza mtu ajue alichobakiwa nacho. Mishipa ya fahamu inayoendesha mikono hutoka kwenye uti wa mgongo pale shingoni. Ukiumia kifuani au kiunoni, miguu hupooza lakini mikono husalimika. Na upo msuli mmoja ambao mimi nauona ni neema: ule mpana wa mgongo, ulioshika mfupa wa mkono karibu na kwapa na kushuka mpaka nyonga. Amri yake hutoka shingoni, ila mwisho wake uko huko chini ambako mwenyewe huenda husikii kitu kabisa. Ndiyo maana mtu aliyepooza akikandamiza mikono kitandani, makalio huinuka. Misuli ya makalio imelala. Yanainuliwa kutoka kwapani.

Tatizo liko begani. Nyonga ina tundu la kina linalokishika vizuri kichwa cha mfupa wa paja, lakini la bega halina kina, na mkono hukaa mahali pake kwa sababu ya misuli midogo inayouzunguka. Sisi tunalitwisha bega hilo kazi ya nyonga: kutoka kitandani, kwenda chooni, kupanda bajaji, kusukuma magurudumu kwenye mchanga. Karibu kazi zote hizo ni za kusukuma, na kusukuma hujenga kifua na mbele ya bega. Misuli ya nyuma ikizidiwa, kichwa cha mfupa wa mkono hupanda na kubana kano zilizopita juu yake. Anayetembea, bega likimuuma, anaupumzisha mkono. Kwetu mkono ukipumzishwa, hata choo kinakuwa mbali.

Kijana mmoja wa bodaboda aliyeumia mgongo alikuwa ameshajitengenezea chuma cha kunyanyua: makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege na bomba katikati. Nikampelekea kipande cha tyubu ya baiskeli.

“Kaka, hii si ya watoto?”

“Ifunge kwanza kwenye nondo za dirisha, mdogo wangu, halafu tuone.”

Nikamwambia akae wima, viwiko vibane mbavuni, avute ncha zote mbili mpaka makombe ya mabega yakaribiane, atulie kidogo, kisha airudishe taratibu bila kuiachia. Baadaye aishike tyubu mbele ya tumbo, viwiko palepale, aitanue kwa kupeleka mikono nje. Hajamaliza mzunguko wa pili, jasho linamtoka na mikono inatetemeka. Misuli hiyo hajawahi kuiamsha maishani. Miongozo ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2018 kwa watu wazima walioumia uti wa mgongo inataka mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki, mizunguko mitatu kwa kila kundi la misuli linalofanya kazi, pamoja na angalau dakika 20 za mazoezi ya kuhemesha, nazo mara mbili. Tyubu inatosha kuanzia. Ila aliyeumia karibuni asianze mpaka mtaalamu aseme mgongo umetengemaa. Na aliyeumia sehemu za juu za kifua akipatwa ghafla na kichwa kugonga na jasho usoni, aache mara moja, abaki ameketi, aangalie kama mpira wa mkojo umejikunja, na asipopata nafuu akimbizwe hospitali: shinikizo la damu huenda limepanda vibaya.

Siku hizi watu husahau kwamba elimu hii ina umri mfupi. Daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani, alifungua kitengo cha majeruhi wa uti wa mgongo Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, wakati wengi wa majeruhi hao walikuwa wakiachwa wafe kwa vidonda na maambukizi ya mkojo. Yeye aliwatoa kitandani, akawapa michezo. Tarehe 29 Julai 1948, wanajeshi 16 waliojeruhiwa walishindana kulenga shabaha kwa upinde, na humo ndimo yalimozaliwa mashindano ya Paralimpiki. Nami napenda kwamba mchezo wenyewe ulikuwa upinde, kwa sababu upinde huvutwa.

Nguvu zikishapatikana, zitumiwe kwa akili. Ukihama, inama mbele. Kichwa kiende upande mmoja, makalio yaende wa pili. Yainue, usiyaburute, maana ngozi isiyosikia huchubuka bila taarifa. Kiganja kishike ukingo au kikunjwe ngumi. Leo hamia kulia, kesho kushoto, bega moja lisibebe kila siku. Na kupumzisha makalio usitegemee kujinyanyua kwa mikono. Inama kifua kikaribie mapaja, ukae hivyo kama dakika mbili.

Kitanda cha yule kijana kilikuwa juu mno, kila kuhama ni kupanda kilima. Tulimwita seremala akakata miguu ya kitanda. Pimeni kwenye kiti mto ukiwa umewekwa na mwenyewe ameukalia, kwa sababu mto hubonyea, na kitanda kilichokatwa kwa kipimo cha mto mtupu bado kitamsumbua.