Utangulizi: Hisa za Akili Unde kwa Msomaji wa Kilosa na Mikumi

Ukisimama njia panda ya Mikumi, pale barabara ya Ifakara inapoachana na barabara kuu ya Iringa, utayaona malori ya sukari yakitoka Kidatu. Somo letu linaanzia hapo. Kampuni ya Sukari Kilombero ina wenye hisa wawili: Serikali, yenye asilimia 25 chini ya Msajili wa Hazina, na Illovo, yenye asilimia 75. Illovo nayo, tangu 2016, ni mali ya Associated British Foods, kampuni ambayo hisa zake huuzwa na kununuliwa katika soko la London. Kwa hiyo mstaafu wa Uingereza ambaye hajawahi kulisikia jina la Ruembe anaweza kuwa anamiliki kachembe ka kiwanda kinachosaga miwa ya Ruembe.

Tazama sasa nani analipwa, na kwa zamu gani. Mkulima wa nje hulipwa kwa tani alizopeleka na kiwango cha sukari kilichopimwa kwenye miwa yake. Mkata miwa ana ujira wake. Muuza mbolea na dizeli anadai chake, benki inadai riba, TRA inadai kodi. Kinachobaki ndicho cha mwenye hisa, kama kinabaki. Tena bodi ikiamua kupanua kiwanda, gawio litasubiri. Hisa, kwa maneno mengine, ni haki ya kukaa mwisho wa foleni. Ina faida yake: mwaka mzuri, wa mwisho hubeba yote yaliyosalia, hata yakiwa mengi kuliko alivyotarajia. Ukilielewa hili, umeshaelewa nusu ya kitabu.

Nusu ya pili ni akili unde yenyewe. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, fedha nyingi zimekwenda kwanza kwa watengeneza mitambo. Nvidia, kampuni ya Marekani inayobuni chipu, iliuza bidhaa za dola bilioni 27 katika mwaka wa fedha ulioishia Januari 2023. Miaka miwili baadaye mauzo yalifika bilioni 130. Wanunuzi wakubwa ni wachache: Microsoft, Amazon, Alphabet, Meta. Hao hununua chipu, hujenga vituo vya data, kisha huuza huduma kwa kampuni nyingine. OpenAI, iliyoileta ChatGPT, haikuwa hata kwenye soko la hisa wakati programu yake inaitikisa dunia. Anayesema “nanunua hisa za akili unde” aulizwe kwanza: za nani, na huyo analipwa na nani?

Tarehe 27 Januari 2025 hisa za Nvidia zilishuka kwa takriban asilimia 17, karibu dola bilioni 600 kwa siku moja, baada ya kampuni ya China, DeepSeek, kuonyesha programu iliyodaiwa kutengenezwa kwa gharama ndogo sana. Hakuna kiwanda kilichoungua siku hiyo. Kilichobadilika ni matarajio ya watu, na bei ya hisa hujengwa kwa matarajio.

Kisha kuna umeme, ambao wawekezaji wengi wadogo huusahau. Bwawa la Kidatu lina uwezo wa megawati 204. Kituo cha data kilichopangwa Abilene, jimbo la Texas, kinahitaji megawati 1,200, yaani karibu Kidatu sita kwa eneo moja. Bili hiyo inatangulia kwenye foleni, mbele ya mwenye hisa. Na chipu huchakaa, au hupitwa na mpya, upesi kuliko bwawa.

Lakini je, teknolojia ikiwa ya kweli na yenye manufaa, haitoshi? Hapa nawapeleka Kimamba na Rudewa, kwenye mashamba ya mkonge. Mbegu iliingizwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na katikati ya karne ya 20 Tanganyika ilikuwa inaongoza dunia kwa zao hilo. Vita ya Korea ilipoanza mwaka 1950 bei ilipaa. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000. Kisha zikaja kamba za plastiki. Wapo wanaoulaumu utaifishaji wa 1967 peke yake. Mimi sikubaliani nao, maana bei ilikuwa imeshaanza kuporomoka kabla. Mkonge haukuwa utapeli. Kamba ilikuwa kamba, meli zilifungwa nayo. Ila aliyenunua shamba kwa bei ya 1951 alikuwa amelipia mavuno ya miaka ambayo haikuja.

Kwa upande wa utaratibu sitakaa sana. Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998 na hisa za TOL, halina kampuni ya kutengeneza chipu. Vodacom Tanzania, iliyouza hisa zake kwa shilingi 850 mwaka 2017, au CRDB na NMB, wataikuta akili unde kama wanunuzi. Anayetaka za Marekani atapitia dalali wa nje, gharama za kubadili fedha, na kanuni za Benki Kuu kuhusu fedha za kigeni. Azisome kabla ya kutuma hata shilingi.

Na ule ujumbe wa WhatsApp unaoahidi faida ya kila siku kutoka kwa “roboti ya akili unde”? Wakumbukeni DECI, iliyozimwa na Serikali mwaka 2009. Watu walikuwa “wanapanda” na “kuvuna”, lakini shamba halikuwepo: fedha za wapya ndizo zilizowalipa wa zamani. Mtu akikuomba fedha, mwulize leseni yake ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, kisha uihakikishe mwenyewe kwa Mamlaka.

Sura ya kwanza inafungua ripoti ya mwaka ya kampuni moja na kukaa kwenye ukurasa wa mtiririko wa fedha. Uwe na kalamu na kikokotoo. Hesabu zake ni za darasa la saba.