Kijana anapotaka kuhama gemu

Tuchukue nyumba moja ya mfano, Ngara mjini, wiki ya pili ya likizo ya Desemba. Kijana wa kidato cha tatu amekaa kibarazani na simu ya mama yake. Kwa mwaka mmoja na nusu, kila likizo, amekuwa akicheza gemu moja la mtandaoni pamoja na binamu yake, mtoto wa mjomba, anayeishi Biharamulo. Kati yao kuna njia ya Benaco, Nyakahura na Lusahunga, na kuna nauli ambayo haipatikani kila wiki. Ndani ya gemu hawahitaji nauli. Wanakutana jioni, wanakata miti, wanavua samaki, wanapambana na majoka.

Sasa rafiki zake wa bweni wamemwambia lile gemu limezeeka, ahamie lingine. Binamu hataki. Kijana amekuja kwa mama kuomba bando la kupakulia gemu jipya, lakini amesimama mlangoni muda mrefu kuliko anavyosimama mtu anayeomba bando tu.

Jibu la haraka linajulikana: "Achana na huo upuuzi, kachukue daftari." Linaokoa fedha, na siku nyingine ndilo jibu sahihi. Ila kijana aliyesimama mlangoni ana uamuzi mgumu kuliko unavyoonekana, na asipoupata ushauri nyumbani ataupata kwa watu asiowajua.

Kwanza, ni aina gani ya gemu. Wazazi wengi wanaijua mipira ya kwenye simu, au yale ya kupigana risasi kama Free Fire, ambamo mchezo mmoja unaisha ndani ya dakika chache na kila mtu anaanza upya. Haya ni tofauti. Mchezaji anaunda mhusika wake, anampa jina, anamfundisha kazi, anamnunulia deraya na upanga. Ulimwengu wa gemu haufungwi. Maelfu ya watu wamo humo kwa wakati mmoja, wanauziana vitu, wanaunda makundi, wanagombana na kupatana. Kijana aliyecheza mwaka mmoja na nusu ana mali humo, na ana jina.

Gemu ambalo vijana wetu hawa wa mfano wanalicheza ni Old School RuneScape. RuneScape yenyewe ilianzia Uingereza mwaka 2001. Toleo hili la kizamani lilifunguliwa tena mwaka 2013 baada ya wachezaji kulipigia kura, na mwaka 2018 likaingia kwenye simu. Hadi leo mabadiliko makubwa hupelekwa kwa wachezaji wenyewe, na hayapiti bila asilimia 70 ya kura. Kila kazi ndani yake, iwe uvuvi, upishi au uchimbaji madini, ina ngazi 99. Mwanao akikwambia amefika ya 92, usimwambie amebakiza kidogo. Ngazi ya 92 inahitaji alama zipatazo milioni 6.5, na ya 99 zinahitajika zaidi ya milioni 13. Yaani 92 ndiyo nusu ya safari. Mzazi anayejua jambo hilo moja tu ataelewa kwa nini kijana anaguna akiambiwa afute.

Lina sifa nyingine inayofaa wilaya zetu. Gemu hili linahesabu vitendo kwa mapigo ya sekunde 0.6, kwa hiyo mtandao ukisuasua kidogo mchezaji hapotezi mengi. Na mhusika anasubiri. Mwanafunzi anarudi bweni Januari, anaiacha simu nyumbani kama shule zinavyotaka, anarudi Juni na kukuta vitu vyake benki ya gemu kama alivyoviacha. Sehemu ya bure ina kazi 15. Nyingine, pamoja na maeneo mengi ya ramani, ni za wanachama wanaolipa kila mwezi.

Gemu analoitiwa ni Albion Online, lililotengenezwa Ujerumani. Kwa vijana hawa ni jipya, ingawa lilifunguliwa mwaka 2017 na kuingia rasmi kwenye simu mwaka 2021. Linapendeza kwa sababu ya kweli: karibu kila upanga na kila deraya inayouzwa humo imetengenezwa na mchezaji, kwa hiyo soko lake lina akili kama soko la kweli. Kijana anayependa biashara atajifunza kununua mji mmoja na kuuza mji mwingine. Hilo si jambo dogo.

Ila soko hilo lina njia zake. Ramani imegawanywa kwa rangi. Maeneo ya bluu ni salama, ya njano yana hatari kidogo. Ukiingia mekundu na meusi, mchezaji mwingine akikuua unapoteza kila ulichovaa na kila ulichobeba. Faida kubwa iko huko huko. Wazazi wa Biharamulo wenye umri wanakumbuka miaka ambayo mabasi ya kupita pori la Kasindaga yalisindikizwa na askari. Hawahitaji kuelezwa zaidi kwa nini mfanyabiashara wa Albion hatembei peke yake, na kwa nini kijana mgeni hujiunga haraka na kundi lolote linalomkaribisha.

Hapo mama ana la kuuliza: kundi hilo ni la nani?

Makundi ya namna hii huwa na viongozi, zamu na ratiba, na mengi huongea kwa sauti kupitia programu nyingine nje ya gemu. Kiongozi anaweza kuwa mwanafunzi wa Mwanza, au mtu mzima wa bara jingine. Kuwa mtu mzima si kosa. Lakini kijana anapaswa kujua kwamba kiongozi wa kundi hana sababu yoyote ya kutaka picha yake, jina la shule yake, namba ya simu ya mama au nywila. Akiombwa kimoja cha hivyo, anaondoka, hata kama ameahidiwa upanga wa bei gani.

La pili ni saa. Albion ina seva tatu: ya Amerika, ya Asia na ya Ulaya. Wakati wa Desemba, saa nne usiku ya Berlin ni saa sita usiku ya Ngara. Saa mbili usiku ya New York ni saa kumi alfajiri kwetu. Kundi la seva ya Amerika likipanga vita vya jioni yao, kijana wa Ngara atacheza akiwa amejifunika blanketi. Wazazi wanaomwona mtoto akisinzia mchana wa likizo na kudhani ni malaria wangeuliza kwanza yuko seva ipi. (Walio karibu na Rusumo wana adha ya ziada: simu ikishika mtandao wa Rwanda saa inarudi nyuma saa moja, na salio nalo linaweza kwenda kimya kimya. Ni vyema kuzima huduma ya kutumia mitandao ya nje.)

Seva hizo zina jambo lingine ambalo vijana hulikuta wakiwa wamechelewa. Mhusika wa seva moja haendi nyingine. Binamu wawili wakijisajili, mmoja Ulaya na mwingine Amerika, hawataonana kabisa, hata wakiwa wamekaa kwenye jamvi moja.

Sasa mali. Akihama, kijana anaondoka na nini? Hakuna. Mwanafunzi akihama shule anachukua kumbukumbu zake. Mfugaji akihama anaswaga ng'ombe wake. Kati ya gemu hizi mbili hakipiti chochote, hata jina. Ndiyo maana wengi hushawishika kuuza akaunti ya zamani. Atatokea mtu mtandaoni, au hata kijana wa kibanda cha simu, atasema akaunti hiyo inanunulika kwa dola. Habari za namna hiyo hazikutungwa zote. Uchumi wa Venezuela ulipoanguka, vijana wengi wa huko walikesha kwenye RuneScape wakikusanya dhahabu ya gemu na kuiuza kwa fedha za kweli, wakanunua chakula. Lakini biashara hiyo inavunja masharti ya kampuni, na anayekamatwa anafungiwa akaunti. Na mnunuzi akishapata nywila hana sababu ya kutuma pesa. Kijana aliyetapeliwa hivyo hana pa kwenda kulalamika, maana mauzo yenyewe hayakuruhusiwa.

Habari njema, ambayo wazazi wengi hawaijui, ni kwamba hakuna haja ya kuuza wala kufuta chochote ili kujaribu gemu jipya. Mhusika hakai ndani ya simu. Anakaa kwenye mashine za kampuni. Programu ikiondolewa kwenye simu ili kupata nafasi, mhusika anabaki, na akipakua tena atamkuta, mradi anakumbuka barua pepe na nywila.

Na hapo kwenye barua pepe ndipo nyumba nyingi zimekwama. Simu nyingi za kwetu zilifunguliwa akaunti na fundi siku ya kununuliwa. Barua pepe aliyoiunda yeye, nywila anaijua yeye, na gemu la mtoto likasajiliwa hapo hapo. Siku simu ikiibiwa au ikiharibika, mwaka mmoja na nusu umekwenda. Kabla ya mjadala wowote wa kuhama, mama na kijana wakae pamoja waangalie gemu la zamani limesajiliwa kwa anwani ipi, wabadili nywila, na wawashe uthibitisho wa hatua mbili. Ni kazi ya nusu saa.

Kuhusu fedha, mambo ni mawili tu. Duka la programu kwenye simu liwekwe liombe nywila kila mara kabla ya kununua, na nywila hiyo isiwe ile ambayo mtoto anaijua. Pili, kama kijana alikuwa mwanachama wa kulipa kupitia duka hilo, kuondoa programu hakusimamishi malipo. Uanachama unasitishwa kwenye duka lenyewe, la sivyo makato yanaendelea kwa gemu ambalo hata halipo kwenye simu. Na gemu lolote atakalochagua, gharama ya kwanza ni bando. Kupakua tu ni gharama, na magemu haya hujiongezea uzito kila yanapoboreshwa.

Turudi kwa binamu, maana ndiye anayemfanya kijana asimame mlangoni. Rafiki wa bweni ataonana naye Januari hata asipohama. Binamu wa Biharamulo ataonana naye kwenye harusi, kwenye msiba, na kwenye gemu. Huenda sababu ya binamu kukataa haihusu mapenzi ya gemu hata kidogo: simu anayotumia ni ya mjomba, imejaa picha, haina nafasi, na inamfikia saa moja tu kwa jioni. Kijana wa kiume hawezi kumwandikia mwenzake hivyo. Ataandika "hilo gemu baya" na kunyamaza.

Kwa hiyo katika nyumba yetu ya mfano mama hasemi ndiyo wala hapana. Anampigia kaka yake.

"Kaka, shikamoo. Hawa watoto wetu wanataka kuachana huko kwenye simu."

"Marahaba dada. Kuachana vipi?"

Inachukua muda mjomba kuelewa. Akishaelewa, anacheka, halafu anakiri kwamba simu yake kweli imejaa. Picha za kipaimara cha mdogo wake kijana ziko humo zote, mia na zaidi. Anaahidi kuzihamishia kwenye kadi. Kama gemu jipya litaingia, watoto watalijaribu wote wawili hadi mwisho wa likizo, seva moja, ile ya Ulaya, bila kununua chochote, na bila kundi la watu wasiowajua. Likigoma kuingia kwenye simu ya mjomba, kijana atalijaribu siku tatu peke yake aone, na jioni zinazobaki atarudi kule kule anakosubiriwa. Simu zirudi kwa wenyewe saa tatu usiku. Gemu la zamani halifutwi kwenye akaunti, hata kama litaondolewa kwenye simu kwa muda.

Kijana anasikiliza upande wake tu wa mazungumzo, akijifanya anaangalia kuku. Simu ikikatwa anaingia ndani, anauliza kama anaweza kubadili ile barua pepe ya fundi leo leo. Mama anafungua daftari la kikoba, ukurasa wa mwisho, chini ya majina ya wanaodaiwa, anampa kalamu aandike nywila mpya.

"Andika vizuri," anasema. "Mwandiko wako huo hata wewe mwenyewe Juni hutausoma."