Onyo Lisiloonekana

Kwa miaka mingi watafiti wa mifumo ya habari walimfahamu mtumiaji wa kompyuta kupitia dodoso. Programu hii ni rahisi? Ina manufaa kwako? Mwaka 1989 Fred Davis alijenga juu ya maswali kama hayo nadharia mashuhuri inayoeleza kwa nini watu huikubali teknolojia. Lakini mazoea hayaulizwi kwa dodoso. Nani atakumbuka onyo ambalo hakuliona?

Mwaka 2007 Davis huyohuyo, pamoja na Angelika Dimoka na Paul Pavlou, waliipa taaluma mpya jina la NeuroIS: kuuchunguza ubongo wenyewe mtu anapotumia mfumo.

Kazi ninayoithamini zaidi imetoka Chuo Kikuu cha Brigham Young, Utah. Bonnie Anderson, Anthony Vance, Brock Kirwan na wenzao waliwalaza watu ndani ya mashine ya MRI, wakawaonyesha maonyo ya usalama, yale yanayozuka kwenye skrini ukiwa na shughuli zako. Mashine hiyo haisomi mawazo. Inafuatilia oksijeni kwenye damu, kwa kuwa sehemu ya ubongo inayofanya kazi hupelekewa damu zaidi. Matokeo waliyochapisha mwaka 2015 yanashtua: onyo lilipojitokeza mara ya pili tu, sehemu zinazoshughulikia kuona zilikuwa zimepoa mno. Ubongo ulishajiwekea picha yake, ukaitegemea hiyo badala ya kutazama upya. Maonyo yaliyobadilishwa sura kila mara, kwa rangi au kwa kutikisika, yalichelewa kuzoeleka.

Kwa hiyo si haki kumwita mtumishi mzembe kwa sababu amebonyeza “Sawa” bila kusoma. Ubongo wake umefanya kazi yake, kuokoa nguvu. Anayepaswa kuulizwa kwanza ni mhandisi anayemwaga maonyo yanayofanana kutwa nzima.

Hata hivyo, kulala kimya ndani ya mashine yenye kelele si sawa na kuwa kazini. Ndiyo maana katika utafiti wa 2018 kundi hilo liliwapima watu siku tano mfululizo, likakuta kwamba kupumzika usiku hurejesha umakini kwa sehemu tu. Kisha likahamia kwenye simu, likafuatilia kwa wiki tatu watu waliokuwa wakipakua programu. Waliopewa maonyo yanayobadilika sura waliendelea kuyazingatia kuliko wenzao.