Kobe Wako Akipotea, Utamtambuaje?

Mbwa akipotea huitika aitwapo na bwana wake. Mbuzi hurudi jioni akifuata wenzake. Hata kuku hujua mahali pake pa kulala. Kobe hana desturi hizo. Akisha kupenya chini ya ua, huenda zake kimya, na akiokotwa na mtu mwingine hatatoa sauti ya kumshtaki mwizi wala ya kumshukuru mwokozi. Kwa sababu hiyo jamaa wafugao kobe nyumbani yawapasa kufikiri mapema: akitoroka leo, twaweza kuonyesha kwa njia gani kwamba ni wetu?

Hapa Kindu swali hilo si la mchezo. Kobe wa msituni ni kitoweo kwa watu wengi wa Maniema, na aokotaye kobe njiani hana sababu ya kudhani kwamba mnyama huyo ana mwenyewe. Hufikiri amepata riziki. Mtoto aliyemlea kobe huyo kwa uyoga na maembe atakapopata habari, chungu kimekwisha telekwa. Na asipoliwa, mara nyingi hufuata shari ya pili. Mmoja asema, "Huyu ni wangu." Mwingine ajibu, "La, nilimtoa msituni juzi." Watoto wawili wanavutana, kila mmoja ameshika upande wake wa gamba, mama zao watoka nje, mwisho mkuu wa mtaa aitwa. Hapo amri ya saba na amri ya nane zaingia pamoja. Tena yawezekana wote wawili wanasema kweli kama waionavyo, kwani kobe hufanana sana machoni pa mtu asiyewachunguza.

Sheria ya Musa, katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, yamwamuru aonaye ng'ombe au kondoo wa ndugu yake amepotea amrudishe. Na kama hamjui mwenyewe, amtunze kwake hata atakapokuja kumtafuta. Amri hiyo ni njema, lakini ina sharti lililojificha ndani yake: mtafutaji aweze kueleza mnyama wake yu namna gani. Mwenye ng'ombe hutaja rangi, pembe na alama ya moto. Mwenye kobe hutaja nini? Wengi husema, "Ni mkubwa kiasi, ana rangi ya udongo." Maelezo hayo yawafaa kobe wote wa msitu toka hapa mpaka Kisangani.

Kwa maoni yetu kobe wa nyumbani yampasa kuwa na vitambulisho viwili. Cha kwanza ni cha kumwambia mwokotaji papo hapo kwamba mnyama ana mwenyewe, asije akamtia chunguni. Cha pili ni cha kukata shauri watu wagombanapo. Wengi hutegemea cha kwanza peke yake.

Kabla ya kutia alama yoyote, yafaa kujua gamba ni kitu gani. Watu hudhani ni kama nyumba aliyoivaa kobe, au jiwe. Sivyo. Ni mfupa, umeungana na mbavu na uti wa mgongo wake, na juu ya mfupa huo vimelala vigae vilivyofanyika kwa kitu kama ukucha wetu. Mfupa una damu, na kobe huhisi gamba lake liguswapo. Kwa hiyo ile desturi ya kutoboa ukingo wa gamba kwa msumari ili kupitisha kamba twaikataa kabisa. Humtia mnyama maumivu, huacha tundu la kuingiza uchafu na usaha, tena kamba hunasa katika mizizi, naye aweza kufa kwa kiu akizunguka mti mmoja. Mwizi naye huikata kamba kwa kisu, na ushahidi umekwisha.

Kwa kitambulisho cha kwanza yatosha rangi kidogo: tone la rangi ya kucha katikati ya kigae kimoja, au tarakimu mbili tatu. Mwenye mkono mwepesi aweza kuandika nambari ya simu kwenye kipande kidogo cha karatasi, kukibandika juu ya kigae, na kukifunika kwa gundi angavu isiyopitisha maji. Lakini wala rangi wala gundi isivuke maungio ya vigae, kwa maana hapo ndipo gamba hukua. Na kobe wetu wa msituni, ambaye wataalamu humwita Kinixys erosa, ana jambo lake la pekee. Sehemu ya nyuma ya gamba lake la mgongo ina bawaba, naye huishusha kama mlango ili kufunika miguu ya nyuma na mkia. (Watoto wake huzaliwa bila bawaba, huipata wakuapo.) Mtu akibandika karatasi juu ya bawaba hiyo, amemzuia mnyama asifunge mlango wake siku ya hatari. Alama ikae ubavuni, mbele ya bawaba. Tena kobe huyu hupenda unyevu, hujificha chini ya majani makavu, huingia hata majini. Rangi haidumu juu yake. Itazamwe kila mwezi.

Rangi ina mfano wake mashuhuri. Katika kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Unguja, wako kobe wakubwa wa asili ya Aldabra. Wanne wa kwanza waliletwa mwaka 1919, zawadi ya gavana wa Shelisheli. Kufikia mwaka 1955 walikuwa yapata 200. Kisha watu wakawaiba, wengine kwa kuuza, wengine kwa kula, hata mwaka 1996 wakabaki saba tu. Mwaka huo huo waliletwa watoto 80, na 40 kati yao wakatoweka. Ndipo ulipojengwa ua mkubwa wa kuwalinda, na idadi yao ikapanda tena. Mgeni afikaye huko huona miaka ya kobe imeandikwa kwa rangi juu ya magamba yao. Maandishi hayo humpendeza mtalii. Kilichowaokoa kobe ni ua.

Huko Madagaska, ambayo wazee wa pwani waliiita Bukini, mambo yalikuwa mazito zaidi. Yuko kobe aitwaye angonoka, aishiye penye ghuba ya Baly peke yake, na mwaka 1996 kobe 75 wa aina hiyo waliibwa katika kituo cha kuwazalishia. Baadaye walinzi wao wakaanza kuchora herufi na tarakimu kwa kuzichimba juu ya gamba, makusudi kuharibu uzuri wake, ili tajiri wa ng'ambo apendaye kobe wa pambo asimtake tena. Hiyo ni dawa kali kwa ugonjwa mkali, na haifai kuigwa nyumbani. Kadhalika mapengo ya tupa kwenye vigae vya ukingoni, ambayo Mmarekani Fred Cagle aliyafanyia utaratibu wa hesabu mwaka 1939: yawafaa wataalamu wahesabuo wanyama wa porini, si mtoto wa shule na tupa ya baba yake.

Twaja sasa kwenye kitambulisho cha pili, nacho ndicho tukipendacho zaidi, kwa sababu Mwenyezi Mungu amekwisha kukiandika. Kazi yetu ni kukinakili. Mgeuze kobe taratibu, kwa muda mfupi tu, utazame gamba la tumbo. Kwa kawaida lina vigae 12. Angalia jinsi mstari wa katikati upindavyo, mahali vigae vya kulia na kushoto visipokutana sawasawa, mabaka meusi na ya manjano yalivyokaa. Kisha tazama mgongo: vigae vitano katikati, vinne kila ubavu, na vidogo vingi ukingoni. Mara nyingine kobe huzaliwa na kigae kimoja zaidi, au kimegawanyika. Mwenye kobe kama huyo ana bahati, kwani hahitaji alama nyingine. Kovu la moto wa shamba, ukucha uliokatika, ukingo uliomegwa na mbwa, yote yaandikwe.

Piga picha kwa simu, moja ya mgongo na moja ya tumbo, kutoka juu moja kwa moja, gamba likiwa limeoshwa na kukauka, na rula imewekwa kando. Asiye na simu achore. Mwanafunzi wa darasa la tano aweza kuchora vigae 12 bila taabu. Andika tarehe, urefu, na uzito kwa gramu. Kobe mzima atosha mara moja kwa mwaka. Mdogo arudiwe kila miezi michache, maana umbo lake hubadilika akuapo. Pasiwe na mtu wa kuidharau njia hii kuwa ya maskini. Huko Ujerumani sheria yenyewe huzikubali picha za namna hiyo kuwa kitambulisho kwa aina kadhaa za kobe wanaolindwa. Na kobe Jonathan wa kisiwa cha St Helena, aliyeletwa huko mwaka 1882, huthibitishiwa uzee wake kwa picha iliyopigwa yapata mwaka 1886, imwonyeshayo akiwa amekwisha kuwa mkubwa.

Iko pia mikrochipu, kidude kidogo kama punje ya mchele, ambacho daktari wa mifugo hukiingiza chini ya ngozi, aghalabu katika mguu wa nyuma wa kushoto. Kina nambari ya tarakimu 15 isiyofutika. Ni kitu kizuri, lakini husomwa kwa chombo maalum, naye aokotaye kobe njiani hana chombo hicho mfukoni.

Wazazi wakumbuke kwamba kobe wote wa nchi kavu wamo katika mkataba wa CITES, uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973, unaotawala biashara ya wanyama baina ya mataifa. Na Kongo ina sheria yake ya kuhifadhi viumbe, ya tarehe 11 Februari 2014. Aliye nyumbani tangu zamani atunzwe vema. Aliye msituni aachwe msituni.

Basi, kobe akipotea, msikimbilie mbali. Tafuteni kwanza chini ya majani, kwenye migomba, kando ya mfereji, hasa baada ya mvua, kwa maana wakati huo hutoka kutembea. Waambieni majirani siku ile ile, na watu watokapo Misa Jumapili, mkitaja alama ya rangi lakini si umbo la tumbo. Hilo liwekeni siri, liwe swali la kumwuliza kila ajidaiye kuwa mwenyewe. Na kama mwaishi Mikelenge, kisha kobe akaonekana Alunguli, bila shaka amevuka Lualaba katika mtumbwi wa mtu. Mwendeeni mtu huyo kwa upole, pamoja na mkuu wa mtaa, mkilifungua daftari penye ukurasa wa vigae 12.